Chupa Inayohema

Jumanne, Machi 4

Mhandisi anataka kila mtu wa utafiti huu awe na daftari lake la kumbukumbu. La kwake lina jedwali na kalamu za rangi tatu. Mimi nitaandika ninavyoongea, na atakayelisoma bila ruhusa yangu ashindwe na alegee.

Keshokutwa Dada anawekewa kihisi. Moyo wake umechoka, damu inasukumwa kwa shida na maji yanajaa mapafuni. Mwaka jana yalimjaa mara mbili, na mara zote mbili tulimwahi kwa bahati tu. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba mara ya tatu huenda tusimwahi.

Kihisi chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani yake kuna utando wa mirija ya kaboni, mirija myembamba kiasi kwamba hata darubini yetu haiioni mmoja mmoja. Utando ukiminywa na damu, umeme unaopita ndani yake unabadilika, na hapo ndipo tunapata presha. Kinakaa kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni. Presha ya pale hupanda siku nyingi kabla maji hayajaanza kujaa. Mimi nikiona imepanda, Daktari anaongeza dawa, na Dada anaendelea kushona sare zake za shule. Kazi yangu ni hiyo tu, kuona. Naitwa msomaji.

Dada ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba. Ananiita Kasuku hadi leo, hata mbele ya Daktari.

Alhamisi, Machi 6

Imekwisha, Dada yuko salama.

Kanuni yetu ni hii. Kila utando tunaukata vipande viwili. Kimoja kinaingia mwilini. Cha pili tunakiita pacha, na kinabaki maabara kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, na pampu ndogo inayasukuma maji yale taratibu, kwa mapigo ya mtu mwenye afya. Pacha akianza kuchakaa chupani, tunajua na mwenzake wa mwilini anachakaa. Vyote viwili vinaletwa chumba cha upasuaji kwenye sahani moja, na kabla kimoja hakijaingia, msomaji anakiangalia kwa lenzi na kusoma namba yake kwa sauti. Muuguzi anairudia, Daktari anairudia. Bila sauti tatu hakuna kinachoingia.

Ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia. Niling'ang'ania, nikasema hakuna msomaji mwingine, jambo ambalo ni kweli. Basi Daktari aliposema, "Namba?", nikaiona miguu ya Dada imechomoza kwenye shuka, kucha zimepakwa rangi ya waridi kwa ajili ya siku hii. Machozi yakajaa kwenye lenzi. Nikaitikia kwa kichwa tu. Muuguzi akasoma kwenye fomu, "Kumi na moja," Daktari akarudia, akanyoosha mkono kutoka upande wake wa meza.

Kwenye fomu nimeandika "imesomwa". Kasuku mzima kakosa sauti, Dada akisikia atanicheka mwaka mzima.

Ijumaa, Machi 7

Mstari wa kumi na moja unaingia. Mzuri mno. Nimeutazama hadi chai ikapoa.

Jumatatu, Machi 10

Dada karudi kwake, chumba cha nyuma ya duka la ushonaji. Nimemwekea kipokezi kando ya kitanda, kinachonasa namba kutoka kifuani na kuzituma kwetu. Amekifunika kitambaa cha maua, eti kinamkodolea macho.

Alhamisi, Machi 13

Mvua imeanza. Hakuna jipya.

Jumatatu, Machi 17

Mama wa usafi ameniita asubuhi. Ni mwanamke wa maneno machache, na akishasema hakuna wa kubishana naye. Akaelekeza ufagio kwenye chupa namba kumi na mbili, pacha wa Dada.

"Hii chupa yako inahema."

"Ni pampu, mama."

"Zile nyingine tano nazo zina pampu. Hazihemi hivi."

Nikaangalia skrini ndogo iliyo juu ya chupa. Mstari wa kumi na mbili ulikuwa unapanda na kushuka ovyo, unaharakisha, unalegea, halafu unavuta kama mtu anayepanda ngazi na kusimama katikati. Maji ndani ya chupa yalikuwa yanasogea taratibu kama kawaida. Nimeandika kasoro kwenye kitabu cha Mhandisi.

Alhamisi, Machi 20

Mhandisi amebadilisha pampu. Chupa inahema vilevile.

Jumatatu, Machi 24

Nimetoka kwa Dada. Alinifungulia mlango akarudi kukaa haraka. Nilimuuliza kama anajisikia vizuri. "Nimechoka tu, sare za muhula mpya." Nikamwonyesha mstari wake kwenye simu. Umenyooka kila siku, hauyumbi hata kidogo.

"Ona mwenyewe, unapendeza."

Akautazama muda mrefu. "Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Basi sawa," akasema, akaniandalia chai. Niliona amepumzika mara mbili kati ya jiko na meza, nikadhani ni uvivu wa mvua. Kila mtu ana uvivu siku hizi.

Ijumaa, Machi 28

Nimeanza kuichukia ile chupa. Nisichoelewa ni kwamba ina ratiba. Asubuhi inahangaika. Saa nane na nusu mchana inatulia, mapigo yanashuka, kama kitu kimejilaza. Saa kumi inaamka. Nimelinganisha siku tano, zote hivyohivyo. Mhandisi anasema ni joto la jengo. Nikamwambia basi jengo letu linalala mchana kuliko yeye, hakucheka.

Leo mvua ilikuwa kubwa, maabara giza kama magharibi japo ilikuwa saa tisa. Nilikuwa peke yangu. Mstari umelala kabisa. Sijui shetani gani alinisukuma, nikainama hadi pua ikagusa kioo, nikauliza, "Wewe nani?"

Mstari ukaruka. Mapigo ya haraka haraka kwa karibu dakika nzima, kisha ukashuka polepole.

Nilitoka kusimama barazani na wavuta sigara, na mimi sivuti. Nimeandika saa: tisa na dakika kumi.

Jumatano, Aprili 2

King'ora cha kumi na mbili kimelia tangu nilipofika. Presha yake imevuka kiwango, sasa siku ya tatu mfululizo. Angekuwa mtu tungekuwa tumeshamkimbiza hospitali. Lakini ni chupa! Nimepiga kelele peke yangu, "Nyamaza bwana!" Nikakizima king'ora, nikaifunika chupa kwa taulo, nikaigeuza skrini yake iangalie ukutani.

Mama wa usafi hataki tena kuingia. Anapiga deki hadi mlangoni na kurudi.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua. Mstari wa Dada mzuri.

Jumatatu, Aprili 7

Lazima niandike taratibu.

Mhandisi alikuja saa nne, amekasirika, maana Daktari amemuuliza mbona chupa moja imefunikwa kama maiti. Akavuta taulo, akageuza skrini. Mstari umepanda kuliko siku nilipoufunika, na mapigo yamekuwa mafupi mafupi, yanabanana.

"Ni pampu," akasema.

"Umeshaibadilisha."

"Basi ni waya." Akang'oa plagi ya pampu ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, kuna saa kubwa juu ya mlango.

Pampu ikanyamaza. Maji yakasimama kabisa, niliona povu dogo limekwama pembeni bila kusogea. Sote wawili tukatazama juu.

Mstari ukaendelea.

Ukapanda, ukashuka, ukapanda. Maji yale hayana kitu, hayana damu, hayana pampu, yametulia kama ya kisimani, na kile kipande cha kaboni kinatuambia kinaminywa. Mhandisi akaweka kiganja kwenye chupa. Akakitoa haraka.

"Kuna mtikisiko. Mvua juu ya bati."

"Mvua imesimama."

Akasikiliza. Kweli ilikuwa imesimama. Tukakaa pale dakika ishirini, watu wazima wawili na shahada zetu, hakuna aliyethubutu kuipa chupa mgongo. Saa nne na nusu akairudisha plagi, akasema ataomba kifaa kipya kutoka kiwandani, na akaondoka bila mwavuli wake.

Nimekaa nyumbani redio ikiwa juu. Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, Aprili 9

Dada analala kwenye kiti. Nilimkuta hivyo, mito miwili mgongoni. Miguu imevimba, viatu havifungi. Nikatoa simu, nikafungua mstari wake. Umenyooka. Nikapumua.

"Umekaa sana kwenye cherehani," nikamwambia. "Ndiyo maana miguu imejaa. Mashine ingeona, Dada. Ina macho kuliko mimi na wewe."

"Usiku nikilala chali nakosa pumzi."

"Umezoea kuogopa tangu mwaka jana. Ni woga."

Akainamisha kichwa polepole, kama mtoto aliyesahihishwa. "Labda," akasema.

Kesho nitamwambia Daktari ampe kitu cha usingizi.

Ijumaa, Aprili 11

Naandika kwenye benchi la wodi. Nikiacha nitasahau mpangilio.

Asubuhi nilikuwa naandaa ripoti ya mwezi. Nikafika Jumatatu, mstari wa Dada, namba kumi na moja. Kuna pengo. Mstari unaanguka chini kabisa, unakuwa kama uzi uliotandazwa, halafu unarudi. Nikasema mtandao. Nikaangalia wagonjwa wengine watano, hakuna hata mmoja mwenye pengo. Nikaangalia saa ya pengo: saa nne na dakika kumi hadi saa nne na nusu.

Nilikaa nikiangalia zile dakika. Kisha nikainuka, nikaenda kwenye chupa, nikang'oa plagi ya pampu. Nikarudi kwenye skrini ya Dada.

Mstari mzuri wa Dada ukaanguka.

Nikarudisha plagi. Ukainuka, mzuri, umenyooka, haupumziki kwenye ngazi. Mwezi mzima nimekuwa nikiipenda pampu.

Nikampigia simu. Iliita hadi nikadhani haipokelewi.

"Dada, kohoa."

"Nini?"

"Kohoa tu. Nakuomba."

Akakohoa, mara moja, dhaifu, na ndani yake nikasikia maji. Juu ya chupa, mstari wa kumi na mbili ukaruka.

"Tena."

Akakohoa tena. Ukaruka tena. Nilikuwa nimeishika meza kwa mkono mmoja.

"Kasuku," akasema, na kati ya neno na neno alikuwa anavuta, "kuna nini? Mbona unalia?"

Nilimwambia akae wima, asilale, nakuja. Nilipiga kelele kwenye korido. Daktari alitoka na kandambili zake za chumba cha upasuaji. Nikamwambia namba zimebadilishana, kumi na mbili ndiyo iliyo kifuani. Hakuuliza swali. Aliangalia mstari wa kumi na mbili mara moja tu na uso wake ukabadilika.

"Hii imekuwa juu tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mwezi uliopita."

"Na king'ora?"

Nikasema, "Nilikizima mimi."

Gari la wagonjwa lilikwama kwenye maji barabara ya sokoni. Mimi na muuguzi tulishuka na mfuko wa dawa na mtungi wa hewa, tukatembea maji yakiwa magotini. Dada alikuwa ameegemea cherehani, shavu juu ya kitambaa cha bluu, midomo imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi. Muuguzi akampiga sindano palepale sakafuni. Mimi nilimshika kwa nyuma asianguke, na niliyahisi kifuani mwake yale mapigo mafupi mafupi yanayobanana. Nilikuwa nayajua. Ningeweza kuyachora.

Yuko hai. Wamemtoa maji lita nne.

Jumamosi, Aprili 12

Yuko hai.

Jumanne, Aprili 15

Mhandisi amekuja wodini kunieleza, kwa upole ambao sikuujua anao. Vipande viwili kwenye sahani moja. Mimi nilivipanga nikiwa upande wangu wa meza, Daktari akachukua kutoka upande wake, kilicho kulia kwangu kwake ni kushoto. Ndiyo maana kuna kusoma namba. Kipokezi cha nyumbani hakijui kiko nyumba gani, wala cha maabara hakijui kiko kwenye chupa, kila kimoja kinanasa namba na kuituma, na kompyuta ikaiandika pale fomu ilipoiambia. "Hakuna jini," akasema.

"Angalau jini angekuwa na haya," nikamjibu.

Nikaenda kwa Daktari na fomu ya Machi 6. Nikamwonyesha neno "imesomwa". Nikamwambia sikuisoma. Akaichukua fomu, akaisoma. Kisha akasema na yeye alirudia namba ambayo hakuisikia kutoka kwangu, na muuguzi naye, na kwamba atayaandika yote matatu. Mimi nimetolewa kwenye utafiti. Vihisi vya wale watano vimekaguliwa, viko sawa.

Sikulia. Kitu kinachonitesa si kazi. Ni lile taulo. Dada yangu aliita na mimi nilimfunika kwa taulo siku tano.

Ijumaa, Aprili 18

Leo ameongea kidogo. Amenisimulia, kama kitu cha kuchekesha, kwamba mwezi uliopita alikuwa amejipumzisha mchana, mvua kubwa, akasikia sauti yangu karibu kabisa na sikio. Akashtuka akaamka, akafungua mlango akidhani nimekuja. Hakukuwa na mtu.

"Nilisema nini?"

"Ulikuwa mkali. Uliniuliza, 'Wewe nani?' Kana kwamba hunijui."

Nikamuuliza siku gani. Hakumbuki, ila ndiyo siku aliyomaliza sare za darasa la tatu, na hizo zilichukuliwa kesho yake, Jumamosi, Machi 29.

Nimempelekea Mhandisi. Kaboni inapokea presha, akasema, haipeleki sauti, haina njia ya kupeleka sauti. Nikamwambia najua. Akasema ni sadfa. Nikamwambia sawa. Tukaangalia ule mstari wa saa tisa na dakika kumi, yeye na mimi.

Jumatano, Aprili 23

Mvua zinapungua. Ametembea hadi dirishani na kurudi.

Jumanne, Aprili 29

Dada yuko kwake tangu jana. Nimehamia naye, nalala kwenye godoro chini ya meza ya kukatia. Kumi na mbili sasa imeandikwa jina lake. Kazi sina, lakini hakuna aliyekumbuka kuniondoa kwenye mfumo, kwa hiyo mstari wake wa kweli ninao kwenye simu. Tangu jana sijautoa machoni. Nimekula nikiutazama. Ukipanda kidogo nashika dawa, ukishuka naomba Mungu.

Mchana alikuwa anasema kitu, sijui nini. Nikaona mkono wake unakuja, ukaichukua simu na kuilaza kifudifudi juu ya kitambaa.

"Mimi niko huku," akasema.

"Naangalia hali yako."

"Ulikuwa unaiangalia mwezi mzima."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. Nikaanza kuomba msamaha, namba, sahani, fomu, taulo, yote yakatoka kwa mpigo. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Hayo Daktari ameshanieleza. Mimi nina la kwangu. Nilijua naumwa. Wiki ya pili tu nilijua. Nilikuwa nasimama kwenye ngazi za uani nikihesabu hadi thelathini. Halafu unakuja na simu yako, macho yanakung'aa, unaniambia ona ulivyo mzima. Nikasema mdogo wangu amesoma, mashine imesoma, mbumbumbu hapa ni mimi. Nikaanza kuuogopa mwili wangu kwamba unanidanganya. Unajua ilivyo, kukosa pumzi, na huku unajiambia pumzi unayo?"

Sikujua. Nikasema sijui.

"Basi usinisome tena. Ukitaka kujua nina nini, niulize."

Nikakaa vizuri kwenye kiti, mikono mapajani, simu nikaiacha ilipolala.

"Dada," nikasema, "unaumwa wapi?"

Akavuta pumzi, akajishika ubavuni, akaanza kunieleza. Ilikuwa saa kumi alipoanza. Hadi saa kumi na mbili alikuwa bado anaeleza.